Kikapu cha Dirishani

"Siyo hii," alisema Mwalimu kwa niaba ya mgeni. "Anasema nyekundu hii inampigia kelele machoni. Haitaki."

Mgeni hakuwa amesema habari za kelele. Alikuwa amesema maneno mengi zaidi, kwa upole, huku akitikisa kichwa. Lakini Mwalimu, aliyestaafu kufundisha na sasa akawa mkalimani wa kulipwa kwa siku, alitafsiri kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake: aliongeza chumvi, akapunguza pilipili, na mwisho aliyeupika asiutambue. Mtaa mzima wa maduka ya vinyago ulimpenda kwa hilo. Wageni walioingia wamenuna walitoka wakicheka, na mwenye duka akauza.

Juu ya meza kulikuwa na vikapu viwili vya katani. Kimoja kilikuwa kipya, chekundu, kimesukwa juzi. Kingine kilikuwa kikuukuu, kimepauka mpaka kikafanana na shati jekundu lililofuliwa miaka mitatu. Hiki cha pili mwenye duka alikifahamu vizuri kuliko alivyotaka kukumbuka. Kilining'inia dirishani mwake miaka sita, kikipigwa na jua la mchana, bila mtu kukiuliza bei. Siku mama huyu mgeni alipopita, miaka miwili iliyopita, akiwa mtalii wa kandambili na pua iliyoungua, alikigusa mahali palipofifia zaidi akauliza kwa lugha yake, "Imeharibika?" Lilikuwa moja la maneno machache ya kigeni ambayo mwenye duka aliyaelewa, maana kila mteja aliyetaka kupunguziwa alilitamka. "Hapana!" alimjibu kwa lugha hiyohiyo. "Imara! Imara sana!" Akakifuta vumbi kwa upindo wa shati, akampa kwa bei ya kutupa, na usiku akamwambia mkewe kwamba ameshamtapeli mtu mzima.

Na sasa mtu mzima amerudi, si kwa kandambili tena, bali na mkoba wa ngozi, daftari, na kikapu kilekile. Huko kwao alikitundika dukani kwake kama ukumbusho wa safari, na kila aliyeingia aliulizia kikapu hicho akaacha bidhaa nyingine zote. Alitaka mia tano. Nusu ya malipo leo, nusu siku ya kupakia, miezi mitatu tangu leo.

"Rangi iwe hii," Mwalimu alisema, akiweka kidole kwenye kikapu kikuukuu. "Hii hii, siyo dada yake wala binamu yake. Isipopatikana, anasema nchi ya jirani wana viwanda."

Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Bei Poa kwa sababu ndiyo kauli aliyowapigia watalii kelele kwa miaka kumi na tatu, alicheka kwa sauti kubwa kuliko furaha aliyokuwa nayo.

"Mwambie hakuna shida."

Hilo halikuhitaji mkalimani. Lilikuwa mojawapo ya yale machache aliyoyajua.

*

Nyumbani hawakucheka. Mkewe alikuwa na mwezi mmoja tangu ajifungue. Mtoto walimpa jina la utani la Bosi, kwa kuwa alipolia wote waliinuka. Mama Bosi alikigeuzageuza mkononi kikapu kikuukuu, ambacho mgeni alikuwa amekiacha kama sampuli, akakinusa, akampa mama mkwe wake.

"Bibi, hiki si chako?"

"Changu," alisema Bibi bila kukitazama sana. "Rangi hiyo siyo ya kwangu. Hiyo ni ya jua. Mimi nilikisuka chekundu."

"Basi tutavianika juani," alisema Bei Poa.

"Miaka sita?" aliuliza mkewe.

Walijaribu kupunguza rangi katika sufuria. Nyuzi zikatoka na rangi ya nyama iliyokaa. Walijaribu kuchemsha mara mbili. Zikatoka na madoa. Wiki tatu ziliondoka hivyo. Mgeni alitumiwa picha tatu na akakataa tatu. Bei Poa akaanza kuamka alfajiri na kukaa kwenye ngazi ya mlango, akijikuna mikono. Malipo ya awali yalikwisha kugeuka katani, nauli, na posho ya wasusi thelathini na mmoja wa mitaa ya jirani, wanawake waliokuwa wameacha vibarua vingine kwa neno lake tu. Kuyarudisha kusingewezekana.

Ni Mama Bosi aliyeipata rangi, na aliipata akifua. Nepi za mtoto hulowekwa ndani ya maji yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Siku hiyo kipande cha kamba nyekundu kilichokuwa kimenasa kwenye khanga kilianguka ndani ya beseni. Alipokitoa, alikaa chini pale pale uani. Akakiweka kando ya kikapu kikuukuu. Akamwita mumewe kwa kelele iliyomfanya aje na kiatu kimoja.

"Tazama."

"Toba," alisema Bei Poa. "Ni yenyewe."

"Nusu saa tu. Nepi na kamba, nusu saa."

Alimbeba mkewe na mtoto pamoja, akawazungusha uani mpaka Bosi akacheua. Mama Bosi alicheka mpaka akashika mbavu. Alisoma hadi darasa la saba tu, hakuna aliyewahi kumwambia ana akili, na siku hiyo aliambiwa mara kumi.

Bibi hakucheka. Alichukua kipande kile cha kamba, akakiweka karibu na macho, akatenga nyuzi zake kwa ukucha. Kisha akakichukua kikapu kikuukuu, akatenga nyuzi za mshikio wake vilevile.

"Njooni muone. Hapa ndani wekundu ni mzima. Jua lilikiramba kwa nje tu. Na hii kamba yenu?" Ndani kulikuwa kweupe. "Dawa imefika kwenye mfupa."

"Mama," alisema Bei Poa, bado anahema, "ni mapambo hayo. Watatundika ukutani, watatia maua makavu."

"Wamekwambia?"

"Mama! Nauza vitu vya ukumbusho miaka kumi na tatu. Umeona wapi mzungu akabeba viazi kwa kikapu changu?"

Hilo lilikuwa kweli. Katika duka lake viti havikukaliwa, ngoma hazikupigwa, vijiko havikukoroga chungu chochote. Mtu alinunua kitu, akakifunga kwenye gazeti, akaenda kukitundika mbali. Kwa hiyo haikumjia kuuliza kikapu kitabeba nini. Mgeni naye hakueleza, kwa kuwa kwake yeye kikapu ni cha kubebea.

*

Mapipa matatu yakaletwa uani. Wasusi walileta vikapu vyekundu, Mama Bosi akavizamisha, akahesabu nusu saa kwa redio, akavitoa na kuvipanga juu ya bati. Mtaa ukajaa harufu ile kali inayochoma pua. Walioulizwa wakasema ni harufu ya riziki.

Wiki ya pili majani ya kando ya mfereji, pale yalipomwagwa maji ya mapipa, yaligeuka rangi ya karatasi. Wiki ya tatu kuku wa jirani aliyekuwa akinywa pale alikutwa amelala ubavu, na jirani akalipwa kuku na maneno matamu. Ngozi ya vidole vya Mama Bosi ikaanza kubanduka. Alimnyonyesha mtoto akiwa amevaa soksi mikononi, ili asimguse.

"Mama Bosi, unakwenda baridini?" wasusi walimtania.

"Naenda kwa Mama Oda, nimpelekee hesabu," alijibu, nao wakaangua kicheko. Mama Oda ndilo jina walilompa mgeni.

Bibi alizamisha vidole vyake mara moja tu, akavitazama, akaenda kuvisuuza. Tangu hapo alikaa upande wa pili wa nyumba, mtoto mgongoni, asitie mkono katika kazi ile wala kuizuia. Mwanawe alipomwambia aache kununa, alimjibu, "Mwenye macho haambiwi tazama," na hiyo ikawa salamu yao kwa mwezi mzima.

Zilipobaki siku kumi na moja kabla ya kupakia, Mwalimu alikuja na sanduku la lebo kutoka kwa mgeni. Kila kikapu kifungwe lebo yake kwenye mshikio. Zilikuwa za karatasi ngumu, safi, upande mmoja namba za simu za mgeni mwenyewe, upande wa pili picha. Wasusi waligombania kuziona. Kisha mmoja akapiga kigelegele.

"Jamani, mtoto! Mtoto kalala ndani ya kikapu chetu!"

Kweli. Mtoto wa kizungu, amefumba macho, kafunikwa shuka jeupe hadi kidevuni. Mkono wa mwanamke, bila mwili, ulikuwa umeshika mishikio miwili na kukinyanyua kikapu hewani. Chini yake kulikuwa na ngazi za mawe.

"Ndiyo," alisema Mwalimu kwa fahari, kana kwamba alikuwa amezaa yeye. "Si nilisema? Ni vya kubebea watoto wachanga. Wanatembea nao barabarani, wanapanda nao ngazi."

"Hukusema," alisema Mama Bosi.

"Sikusema?" Mwalimu alifikiri. "Labda nilifupisha."

Wasusi walikuwa wakicheka na kubusu picha. Watoto wa wenye fedha watalala katika kazi za mikono yao! Mama Bosi alivua soksi moja, akainua kikapu kilichokauka, akatenga nyuzi za mshikio. Weupe mtupu. Aliposugua kwa kidole gumba, vumbi jepesi lilibaki kwenye ngozi iliyobanduka. Akaenda kukaa chooni, si kwa haja bali kwa sababu kulikuwa na mlango wa kufunga.

*

"Kinashika," alisema Bei Poa.

Walikuwa chumbani. Mama Bosi alinunua unga kilo sita, uzito wa Bosi kwenye kadi ya kliniki, akautia kwenye kikapu, akatembea nao kutoka ukutani mpaka mlangoni. Kikashika. Akarudi. Kikashika.

"Umeona? Ruka nacho."

Akaruka. Kikashika.

"Leo," alisema Mama Bosi.

"Wewe ndiye uliyeileta dawa, Mama Bosi. Nakukumbusha tu."

Lilimchoma mkewe, na Bei Poa alijua limemchoma, na hakulirudisha. Alikuwa amechoka. Siku mbili hakulala usiku. Alikuwa na duka la kupanga, mama mwenye macho yanayofifia, mtoto, na wanawake thelathini na mmoja waliokuwa wakimsalimia kwa heshima mpya isiyokuwepo mwaka jana. Mwenye nyumba naye, aliyezoea kumpigia honi nje kama anaita mbuzi, sasa alishuka garini kumpa mkono.

"Tumwambie mgeni ukweli," alisema mkewe. "Atoe lebo za watoto. Auze kwa maua."

"Na akivikataa vyote? Tutamlipa nini? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, mke wangu. Sisi tumo hadi shingoni."

"Na mtoto wa mtu?"

"Wa nani? Unamjua?"

Bosi, kitandani, alikuwa akijaribu kuula mguu wake. Wote wawili walimtazama, kisha wakaangalia kwingine.

Mama Bosi alikitundika kile kikapu cha unga kwenye msumari wa pembeni, kwa mishikio yake. "Kikae hapo," alisema. "Mpaka lori lije."

Kila asubuhi Bei Poa alipoamka alikinyooshea kidole. "Kinashika," alisema, badala ya kusema umeamkaje. Siku ya tatu alisema akitabasamu. Siku ya saba hakutabasamu. Siku ya tisa alikuwa akikipitia mbali, akigusa ukuta wa upande wa pili.

*

Mgeni alikuja na lori saa tatu asubuhi. Alivikagua vikapu kimoja kimoja mpaka hamsini, kisha akafunga daftari, akafuta macho. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote: aliwashika wasusi mikono, akauliza nani alisuka kipi, akawaletea peremende wajukuu asiowajua. Angekuwa fedhuli, Mama Bosi angelala vizuri.

Ndipo alipomwona Bosi mgongoni kwa Bibi, akapiga makofi.

"Anataka picha," alisema Mwalimu. "Ya kitabu cha bidhaa. Mtoto wa nyumba hii ndani ya kikapu cha nyumba hii, na baba yake akinyanyua. Anasema itauza kuliko maneno elfu."

Wasusi wakashangilia. Mtu alikwishachukua kikapu kutoka juu ya rundo, mwingine alikwishatandika khanga ndani yake. Bibi alifunguliwa mbeleko kabla hajasema neno. Bosi akalazwa, akatazama juu, akacheka na jua.

Bei Poa aliinama. Alishika mishikio. Alikuwa akitabasamu kwa ajili ya kamera, meno yote nje, na mishipa ya shingo imesimama. Sekunde zikapita. Mgeni alishusha kamera kidogo, akasema kitu.

"Anasema nyanyua."

Hakunyanyua. Mkewe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake na alikuwa akiitazama mishikio.

"Kile cha zamani!" Bei Poa alisema ghafla, akainuka. "Mwambie tupige na kile cha dirishani. Ndicho cha kwanza, ndicho kilichomleta. Bibi mwenyewe ndiye aliyekisuka. Kina... kina baraka."

Mwalimu alitafsiri, na kwa vile alivyonogewa huenda aliongeza machozi mawili matatu, maana mgeni aliweka mkono kifuani. Kikapu kikuukuu, alichokuwa amerudishiwa asubuhi ile, kikatolewa garini kwake. Bosi akahamishwa. Bei Poa akamnyanyua juu kwa mkono mmoja, bila kufikiri, na picha ikapigwa. Watu walipiga makofi. Bibi peke yake alimtazama mwanawe, akamtazama mpaka yule akainamisha kichwa.

Lori likaanza kupakiwa. Mgeni alimkabidhi Bei Poa bahasha ya nusu iliyobaki. Kikapu kikuukuu, alisema Mwalimu, anawaachia wao kama zawadi, kiwe kitanda cha mtoto, kwa kuwa yeye sasa anavyo mia tano.

Hapo Mama Bosi akashindwa. Alipenya katikati ya wapakizi, akamshika Mwalimu mkono wa shati.

"Mwambie vimeoshwa kwa dawa. Mwambie mishikio imeliwa ndani, itakatika. Asitie watoto."

Mwalimu alimtazama. Safari hii malipo yake hayakuwa ya siku, bali ya kila kikapu kinachopanda lori. Aligeuka kwa mgeni na kusema maneno machache, taratibu, kwa sauti ya msibani.

Mgeni akatabasamu. Alimkumbatia Mama Bosi, akambusu mashavu yote mawili.

"Umemwambia nini?"

"Ulichosema."

"Umemwambia nini, Mwalimu?"

"Kwamba umevisuka kwa upendo wa mama," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini, "na unawaombea watoto wao. Usituharibie, binti yangu. Watu wanakula hapa."

Mama Bosi alinyakua kikapu kutoka mikononi mwa mpakizi. Akakanyaga kitako chake kwa miguu miwili, akashika mishikio, akavuta kwa nguvu zote alizonazo, akitoa sauti iliyofanya wasusi waache kucheka. Alivuta mpaka soksi ya mkono wa kulia ikaingia damu. Katika moyo wake aliomba kikatike.

Hakikukatika.

Mgeni alipiga makofi. "Imara!" alisema, neno lile la Bei Poa, na kamera ikalia tena, mara mbili.

*

Mchana wasusi walikaa uani wakingoja kugawiwa. Walikuwa wameleta mikeka na vicheko. Bei Poa alikuwa sebuleni akipanga fedha za kila mmoja, akapangua, akapanga upya. Mama Bosi alikuwa jikoni amekaa juu ya ndoo. Hawakuwa wamesemezana tangu lori liondoke.

Kishindo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mtu aliyekaa chini kwa uzito.

Bei Poa aliziacha fedha, akakimbia chumbani. Mlangoni aligongana na mkewe, wakaingia kwa pamoja wakisukumana, na wote wawili walikwenda kwanza kitandani. Kitanda kilikuwa kitupu. Bei Poa alilivuta shuka, akainua mto, akaita jina la mtoto kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kutoka kwake.

"Nipo naye," alisema Bibi kutoka mlangoni. Bosi alikuwa mgongoni mwake, amelala, mdomo wazi.

Ndipo wakageuka kutazama pembeni. Kikapu kilikuwa kimelala kifudifudi. Unga ulikuwa umetawanyika mpaka chini ya kitanda, na vumbi lake bado lilikuwa likielea. Hakuna aliyekigusa, dirisha lilikuwa limefungwa. Msumarini ilibaki mishikio miwili, ncha zake zimechanuka, nyeupe.

Bibi aliugusa uzi mmoja kwa ukucha.

"Siku kumi na moja," alisema Bibi. "Na meli?"

"Arobaini," alisema Bei Poa. Alikaa chini, ndani ya unga. "Majuto..."

"Majuto ni mjukuu, mwanangu. Na mjukuu ndiye huyu hapa. Wako ulimwekea cha dirishani."

Alilia basi. Alilia kwa aibu, akiwa amejipaka unga mpaka nyusi, na mkewe alimwacha alie kwa kuwa naye alikuwa akilia. Kisha Mama Bosi alijifuta kwa soksi, akachomoa lebo kifuani mwake. Alikuwa ameificha tangu siku ya sanduku.

"Namba zake hizi. Bado yuko hotelini. Piga."

"Mwalimu..."

"Mwalimu hapana. Wewe."

"Mama Bosi, lugha yenyewe nina maneno kumi."

"Yatumie."

Aliutazama mlango. Nje kulikuwa na kicheko kirefu, mtu alikuwa akisimulia jinsi Mama Oda alivyombusu. "Na wale?"

Bibi ndiye aliyejibu. Alifungua mlango wa uani na kusema, "Njooni ndani. Njooni mtazame, halafu tutaongea." Wakaingia mmoja mmoja, viatu mkononi. Mmoja wao, aliyepiga kigelegele siku ya lebo, aliinama akaokota uzi mmoja sakafuni, akausugua, ukawa vumbi.

Bei Poa alibonyeza namba kwa kidole chenye unga. Simu iliita mara nne.

Mgeni alimtambua mara moja. Alicheka, akasema maneno mengi ya furaha, akanyamaza akingoja. Bei Poa alifungua mdomo. Yaliyomjia ni yale ya miaka kumi na tatu: karibu, angalia bure, kazi ya mkono, imara, bei poa, hakuna shida. Aliyapekua yote kama mtu anayepekua rafu za duka, na hakuona hata moja la kusemea kitu kibaya. Hakuwahi kulihitaji. Kisha akalikumbuka neno alilotupiwa kila siku mlangoni na watalii wapitao, kiganja juu, bila hata kumtazama usoni. Alilichukia kuliko tusi.

"Hapana," alisema kwa lugha ya yule mama.

Mama yule akauliza kitu, bado anacheka.

"Kikapu, hapana. Mtoto..." neno la mtoto alilijifunza asubuhi ile ya picha. "Mtoto, kikapu, hapana. Hapana, hapana, hapana."

Kicheko kikakatika. Chumbani wanawake thelathini na mmoja walisogea karibu na simu. Kisha sauti ikarudi, ndogo, na ikauliza neno moja, lilelile aliloliuliza mbele ya dirisha la duka siku ya kwanza.

"Imeharibika?"

Kwa miaka kumi na tatu alikuwa na jibu moja tu kwa swali hilo. Aliitazama mishikio miwili msumarini.

"Ndiyo," alisema.